Suala la Kisima na Choo

Tumeletewa suala na jamaa wa mtaa mmoja wa mwambao wetu, wakataka tulijibu katika kurasa hizi. Wasema: Msikiti wetu una kisima cha wakfu. Watu hutawadha kwa maji yake, na majirani wengi huyateka kwa kunywa na kupikia, khasa siku ambazo maji ya bomba hayaji. Mwaka huu jirani mmoja amechimba shimo la choo, hatua kumi na mbili kutoka kisimani. Tangu kwisha masika watoto kadhaa wa nyumba za karibu wameugua matumbo, na mmoja wao amefariki. Baadhi yetu tulisema kisima kifungwe. Wengine wakajibu kuwa maji yale ni zaidi ya kulla mbili, wala hayakugeuka rangi, wala ladha, wala harufu. Basi ni twahara, na mwenye kuyakataza amekataza alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Je, maji haya ni twahara? Yafaa kunywewa? Na sala tulizozisali kwa udhu wa maji haya, yatupasa kuzirudia?

Twamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu mtoto huyo na awape subira wazazi wake.

Kabla ya kujibu, yafaa tujue maji ya kisima yatoka wapi, kwani asiyejua njia ya maji hawezi kujua njia ya uchafu unaoyafuata.

Jua huipiga bahari, maji yakapanda kuwa mvuke, na chumvi ikabaki chini. Ndiyo sababu mvua itokayo katika bahari ya chumvi hutujia tamu. Mvuke ule hukaa angani kiasi cha siku 9 au 10, kisha hupoa, ukashikana na chembe ndogo mno za vumbi na chumvi zilizomo hewani, ukawa matone, na matone yakawa mawingu. Upepo wa Kusi, ule ule ambao majahazi yalikuwa yakiungoja ili yarejee Arabuni na Bara Hindi, ndio unaotuletea masika uanzapo kuvuma mwezi wa Aprili. Mvua ikisha kuanguka, baadhi yake hurudi angani, baadhi hutiririka juu ya ardhi mpaka mitoni, na baadhi huzama chini. Haya yaliyozama ndiyo maji ya visima na chemchemi.

Katika Suratul Hijr (aya ya 22) Mwenyezi Mungu amezitaja pepo na maji ateremshayo kutoka mbinguni, akatukumbusha kuwa si sisi tunaoyaweka akiba. Katika Suratul Muuminun (aya ya 18) ametaja kuwa maji huteremshwa kwa kipimo, yakatulizwa katika ardhi, na kuwa aliyeyaleta ni muweza wa kuyaondoa. Na katika Suratuz Zumar (aya ya 21) ametaja jinsi yanavyopitishwa ardhini yakawa chemchemi. Sisi si katika wale wanaotaka kuigeuza Kurani kuwa kitabu cha hisabu za wataalamu. Kurani imekuja kuongoza nyoyo. Lakini twapenda wanafunzi wetu wajue kwamba kwa karne nyingi watu wengi wa Ulaya waliamini kuwa chemchemi hutoka baharini kwa mapango yaliyo chini ya ardhi, na kwamba mvua haitoshi kuijaza mito. Mwaka 1674 Mfaransa Pierre Perrault alipima mvua iangukayo katika bonde la mwanzo wa mto Seine, akakuta kuwa ni kiasi cha mara sita ya maji yapitayo katika mto wenyewe. Na zaidi ya miaka 600 kabla yake, mwanachuoni wa hisabu Muhammad al-Karaji alikwisha kuandika kitabu kizima juu ya kuyatoa maji yaliyofichika ardhini, na ndani yake akataja pia mipaka ya visima. Mambo haya yalikuwa katika mikono ya Waislamu. Kwa nini tumeyaacha, hilo ni suala la siku nyingine.

Wenyeji wa Mombasa wanao mfano ulio karibu. Huko bara iko milima ya Chyulu, ambayo ni ya mawe yaliyotokana na moto wa chini ya ardhi, mawe yenye matundu mengi. Mvua inyeshayo juu yake huzama papo hapo. Maji hutembea chini kwa miaka mingi, yakichujwa katika mawe hayo, mpaka yakatokeza Mzima, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, yakiwa meupe hata samaki na viboko huonekana ndani yake. Katika miaka ya 1950 lilijengwa bomba la kuyaleta Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Tukisha kuyanywa na kuyaoga huingia katika makaro na mashimo yetu, na mwisho wake ni bahari, na jua likayachukua tena. Basi hapana maji mapya. Katika kila sehemu 100 za maji ya dunia, 97 hivi ni ya bahari, na katika yale matamu yaliyobaki, thuluthi mbili zimeganda kuwa barafu katika nchi za baridi. Yaliyobaki kwa viumbe wote ni machache, nayo ni hayo hayo yanayozunguka tangu zama za baba zetu.

Sasa tuje katika ardhi yetu wenyewe. Miji yetu mingi ya pwani imejengwa juu ya mawe ya matumbawe na juu ya mchanga. Maji ya mvua yakizama hapa huyakuta maji ya bahari yaliyopenya kutoka pembeni. Kwa kuwa maji matamu, ambayo wazee waliyaita maji ya pepo, ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu yake. Wataalamu wawili, Mholanzi Badon Ghyben na Mjerumani Herzberg, waliligundua jambo hili kila mmoja peke yake, na hisabu yao ni ya ajabu: kwa kila futi moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko kiasi cha futi 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Mtu akisikia hivi huenda akafurahi. Lakini igeuze hisabu hiyo uone khatari yake: ukiyateka maji mpaka yakashuka futi moja, chumvi iliyo chini huelekea kupanda futi 40. Kisima kilichokuwa kitamu kwa miaka mia huweza kuwa cha chumvi kwa pampu moja ya umeme iachwayo ikivuta usiku na mchana. Watu wa Lamu wanajua kwa nini machuguu ya mchanga ya Shela hayafai kujengwa: mchanga ule ndio unaoipokea mvua na kuihifadhi juu ya chumvi, na visima vya mji vyautegemea. Katika Suratul Waqia (aya ya 68 hata 70) Mola wetu ametuuliza juu ya maji tunywayo, ni nani aliyeyateremsha, na akatuonya kuwa lau angetaka angeyafanya ya chumvi chungu. Nani mwenye haki zaidi ya kuizingatia aya hiyo kuliko watu wa visiwa?

Na hapa twasema neno na watu wa misikiti. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akioga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Mudi haifiki lita moja. Mtu wa leo hulifungua bomba la msikiti likamwagika tangu anaponuia mpaka amalizapo miguu, naye katikati akimuuliza mwenzake khabari za mpira. Wazee wetu waliokuwa wakiteka kwa kata kutoka birikani walikuwa karibu zaidi na sunna kuliko sisi wenye mabomba yang'aayo.

Ama uchafu, mwendo wake ardhini ni kama mwendo wa maji. Ardhi ya mchanga safi huyachuja maji kidogo kidogo, na vidudu vingi hufa njiani. Lakini jiwe la matumbawe lina nyufa na mapango, na maji hupita humo mbio, bila ya kuchujwa. Kinachoingia shimoni leo huweza kuwa kisimani baada ya siku chache, na mvua kubwa huzidi kukisukuma, kwani maji ya chini hupanda mpaka yakagusana na shimo. Ndugu waliotuuliza wametaja wenyewe kuwa maradhi yalizidi baada ya masika. Miongozo inayofuatwa na watu wa afya ulimwenguni hutaka choo kiwe si chini ya mita 30 kutoka mahali pa maji, na sakafu ya shimo iwe juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu. Na wao wenyewe husema kuwa penye mawe ya nyufa huenda hata mita 30 zisitoshe. Hatua kumi na mbili hazifiki mita kumi na mbili.

Sasa tuwarudie wenye hoja ya kulla mbili. Kanuni wanayoitaja ni sahihi, na kila mtoto aliyesoma Safinatun Najaa katika chuo anaijua: maji machache huingia najisi kwa kuguswa na najisi tu, na yaliyofika kulla mbili hayanajisiki mpaka yageuke. Kulla mbili ni kiasi cha lita 190 mpaka 216 kwa hisabu mbali mbali, yaani mfano wa pipa moja la mafuta. Kisima chenye chemchemi huzidi hapo. Tena wameitaja hadithi ya kisima cha Budhaa cha Madina, kilichokuwa kikitupiwa uchafu, na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kama yafaa kutawadha kwa maji yake akajibu kuwa maji ni twahara. Yote haya hatuyapingi.

Lakini na watazame suala lililoulizwa huko Budhaa. Lilikuwa suala la udhu. Kosa la ndugu zetu ni kulichukua jawabu la twahara wakalifanya jawabu la siha. Twahara ni hukumu ya sharia juu ya kusihi kwa ibada. Kudhuru ni jambo jingine, nalo lina mlango wake katika fikihi. Udongo ni twahara, hata twatayamamu kwao, lakini maulamaa wa madhehebu yetu wamesema kuula ni haramu kwa mwenye kudhurika nao. Sumu itokanayo na mmea ni twahara. Je, kuna mwanachuoni aliyeihalalisha kunywewa kwa kuwa haikumnajisi mtu kanzu yake?

Na wala maulamaa wetu hawakughafilika na siha katika mlango wa maji wenyewe. Vitabu vya Kishafi vimetaja kuwa ni makuruhu kutumia mwilini maji yaliyopashwa moto na jua katika vyombo vya madini, kwa kukhofia maradhi ya mbalanga. Imam Nawawi hakuridhika na dalili yake, akachagua kuwa hapana karaha. Nasi tunamfuata Nawawi katika hilo. Lakini tazama njia yao: walikuwa tayari kuyakirihi maji yaliyo twahara kabisa kwa sababu ya kukhofia ugonjwa tu. Basi itakuwaje maji ambayo madhara yake yameonekana kwa macho?

Zaidi ya hayo, Mtume (S.A.W.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotulia kisha mtu akaoga humo, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Hakusema maji machache. Na katika Abu Daud imepokewa kuwa ameonya juu ya mambo matatu yaletayo laana, na la kwanza lao ni kwenda haja penye mateko ya maji. Katika Muslim ameamrisha vyombo vifunikwe na viriba vifungwe. Na katika Ibnu Maja imepokewa kuwa mwenye kuchimba kisima ana dhiraa 40 za kukizunguka, ambazo ni kiasi cha mita 18 mpaka 20. Mafakihi wameieleza harimu hii ya kisima kuwa yategemea haja na namna ya ardhi. Kwa hiyo anayesema kuwa ardhi yetu ya matumbawe yataka mita 30 au zaidi hakuzua jambo katika dini.

Husemwa pia: mbona maji yenyewe ni meupe na matamu? Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia London, na katika mtaa wa Soho watu zaidi ya 600 walikufa katika muda wa wiki chache. Tabibu John Snow aliwafuata wafu nyumba kwa nyumba, akakuta kuwa wengi wao walikuwa wakinywa maji ya pampu moja ya Broad Street. Maji yale yalisifiwa kwa ladha yake. Mjane mmoja aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na hapo, aliyapenda hata akawa akiletewa, akayanywa, akafa. Mkono wa pampu uliondolewa tarehe 8 Septemba 1854. Baadaye walipochimba walikuta shimo la uchafu limevuja, nalo halikuwa hata mita moja kutoka kisimani. Rangi, ladha na harufu, zile alama tatu zilizowatosha ndugu zetu, ziliwatosha na watu wa London. Mwenye kujua kuwa choo kidogo tu cha mgonjwa huwa na vidudu kwa mamilioni, visivyoonekana kwa jicho, hatastaajabu. Vidudu hivyo vya kipindupindu Mjerumani Robert Koch alivithibitisha mwaka 1883 na 1884, huko Misri na Bara Hindi.

Wala tusidhani kuwa hizi ni hadithi za Wazungu. Kipindupindu kiliipiga Unguja mwaka 1869 na 1870, na tabibu James Christie aliyekuwapo huko akakiandikia kitabu kilichochapwa mwaka 1876. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, aliuletea mji wa Unguja maji ya chemchemi kwa mabomba, na hilo ni katika mema makubwa ya utawala wake. Kenya yenyewe, wimbi lililoanza Indonesia mwaka 1961 liliifikia mwaka 1971, na tangu hapo maradhi haya yamerudi mara kwa mara.

Tumesikia pia wengine wakisema kuwa ajali ya mtoto imeandikwa, choo kina kosa gani. Ndiyo, ajali imeandikwa. Lakini Sayyidna Umar (R.A.) alipopata khabari ya tauni ya Sham alirudi na watu wake, na alipolaumiwa kuwa aikimbia kadari ya Mungu, akajibu kuwa aikimbia kadari ya Mungu kwenda katika kadari yake nyingine. Huyo ndiye Umar. Na wako waliowapeleka watoto wao kwa waganga wakanyweshwa kombe. Hatutaki kuingia hapa katika khitilafu za kombe; twauliza tu, sahani ile ilioshwa kwa maji gani? Ikiwa ni ya kisima kile kile, basi mgonjwa ameongezewa ugonjwa, na maandishi ya Kurani yametiwa katika jambo lisilostahili.

Jawabu letu kwa suala la pili, basi, ni kuwa maji hayo hayafai kunywewa wala kuoshea vyombo wala mboga, maadamu dhana ya madhara ina nguvu kama ilivyo hapa, mpaka yapimwe na watu wa afya. Mwenye kuyajua haya kisha akawanywesha watoto wake ana dhambi. Kwa muda huu, asiye na maji mengine ayachemshe mpaka yatokote sawasawa kwa dakika nzima, au ayatie dawa ya klorini kwa kipimo cha wauzaji. Ajue lakini kuwa kuchemsha huua vidudu tu. Hakuondoi chumvi ya nitrati inayotoka vyooni, ambayo ikizidi miligramu 50 katika lita huwakhatirisha watoto wachanga. Kwa hiyo mama asimtengezee mtoto mchanga maziwa ya unga kwa maji ya kisima hicho, hata yakichemshwa. Kisima nacho kitiwe ukingo wa saruji na kifuniko, na maji ya udhu yasiachwe yakarudi humo.

Ama jirani mwenye choo, hapana ruhusa ya kumtukana wala kumvunjia ukuta. Kanuni ya sharia ni kuwa hapana kudhuru wala kudhuriana, na madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Yeye pia ana watoto, nao wanahitaji choo. Ni wajibu wake kuliziba shimo hilo na kulihamisha, au kujenga tangi lisilovuja la kunyonywa kwa gari; na akiwa hana uwezo, jamaa wa msikiti wamsaidie. Twaona misikiti ikikusanya fedha kwa vigae na taa za kuning'inia, na harusi moja ikala mbuzi kumi. Gharama ya shimo moja haifiki hapo. Tena kisima hiki ni wakfu. Sayyidna Uthman (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma akakitoa kwa Waislamu, na wazee waliochimba visima vya misikiti yetu waliufuata mwendo huo; anayekiharibu kisima cha wakfu amewadhulumu walio hai, na amemkatia maiti sadaka yake. Jirani akikataa baada ya kusaidiwa, na wapelekewe wakuu wa afya wa kaunti. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na kuishitakia haki hiyo si fitina.

Suala la kwanza tumekwisha kulijibu: kwa udhu maji hayo ni twahara maadamu hayajageuka, ila mwenye jeraha mwilini, na mwenye kusukutua kinywa, na watumie mengine wayapatapo, kwa kukhofia yasiingie ndani. Na sala walizozisali kwa udhu huo zimesihi, hawana haja ya kuzirudia. Wallahu aalam.